Skripti ya Star Trek ina saini nane jaladani: niinunue au nimwachie mwenyewe?

Mwana wa Makupa

Wakuu na wana jukwaa wote, salaam aleikum.

Niko Minnesota. Kuna jamaa mtaa wa pili anauza vitu vya marehemu mjomba wake, na katikati ya vyombo, makoti na redio mbovu kuna skripti ya Star Trek, kile kipindi cha runinga cha safari za anga za juu, ile ya zamani kabisa ya kina Kirk na Spock. Sehemu yenyewe ni "The Man Trap", iliyorushwa na NBC tarehe 8 Septemba 1966, ya kwanza Wamarekani kuiona kwenye runinga zao. Juu ya jalada kuna saini nane: Shatner, Nimoy, Kelley, Doohan, Takei, Nichelle Nichols, Koenig, na mwenye mali yake, mtunzi wa kipindi Gene Roddenberry.

Jamaa anasema mjomba alikuwa fundi taa studio, akaizungusha kwa waigizaji palepale kazini mwaka huohuo 1966, wakamsainia. Kuna na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Bei anayoitaka inanunua gari linalotembea.

Mimi si mkusanyaji wa vitu hivi. Ila hiyo ndiyo sehemu Uhura, anayeigizwa na Nichols, anaongeleshwa Kiswahili kwenye korido ya chombo, na tangu niione nimekuwa nikiisimulia kwa kila anayekubali kukaa anisikilize. Mnaojua haya mambo, nitoe pesa?

Ngosha wa Kirumba

Bei ya gari kwa makaratasi? Mkuu, tuma hizo pesa Mwanza nikutafutie kiwanja, na kamisheni sikudai.

Binti Shangani

Ngosha tulia, watu tunataka kusikia. Kaka Makupa, ni kweli wanaongea Kiswahili? Mimi Star Trek nimeiona juujuu tu.

Mwana wa Makupa

Kweli kabisa dada. Kuna kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, na kinajigeuza umbo la mtu unayemuwaza. Kwa daktari McCoy kinakuwa mpenzi wake wa zamani. Kwa Uhura kinakuja kama kijana mweusi mtanashati, kinamwambia maneno ya Kiswahili, naye anajibu. Kiswahili chenyewe kina matege, lakini ni 1966, Hollywood, na mwanamke mweusi ndiye afisa mawasiliano wa chombo. Msimu wa pili tena, kwenye "The Changeling", mashine inamfuta kumbukumbu zote, na wanapomfundisha kusoma upya anakwama, anarukia Kiswahili.

Karatasi Kuukuu

Makupa, shika pesa yako kwanza. Nipo Philadelphia, nafanya kazi kwenye duka la vitabu na karatasi za zamani, na skripti zenye saini zinapita mkononi mwangu mara kwa mara. Nianze na jambo ambalo halihitaji hata picha: hiyo hadithi ya 1966 haisimami.

Walter Koenig hakuwepo. Mhusika wake, Chekov, aliletwa msimu wa pili, na watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza Septemba 1967. Wakati "The Man Trap" inapigwa pale studio ya Desilu, katikati ya 1966, Koenig alikuwa na shughuli zake nyingine. Fundi taa asingeweza kumpata kazini, kwa sababu hakuwa mfanyakazi wa pale.

Sasa usiruke ukasema saini ni feki. Hiyo ndiyo haraka ya watu wengi. Kilichokufa ni maelezo ya muuzaji. Saini ya Koenig inaweza kuwa halali kabisa na ikawa imewekwa mwaka 1985 kwenye kongamano la mashabiki. Mikusanyiko hiyo ilishika kasi baada ya ule wa Januari 1972 pale Statler Hilton, New York, ambako waandaaji walitarajia mamia wakapata zaidi ya watu 3,000. Kuanzia hapo waigizaji hawa wamesaini maelfu kwa maelfu ya vitu, kwa hiyo saini zao si adimu hivyo. Kilicho adimu ni karatasi iliyokuwepo studio mwaka 1966, na ndiyo unayouziwa wewe kwa bei hiyo.

Kwa hiyo achana na saini kwanza. Tuambie habari za karatasi. Kurasa zina rangi gani? Zimefungwa na nini? Maandishi yanang'aa ukiyainamisha kwenye mwanga? Juu ya kila ukurasa kuna tarehe?

Ngosha wa Kirumba

Rangi za kurasa tena? Mkuu hebu fafanua, mbona kama unasoma kiganja.

Karatasi Kuukuu

Haya Ngosha, kwa ajili yako.

Skripti ya runinga Marekani haikuwa kitu kimoja kilichoandikwa kikaisha. Ilikuwa inabadilika mpaka siku ya kupiga picha. Toleo likishagawiwa, kila ukurasa uliorekebishwa ulichapwa upya kwenye karatasi ya rangi nyingine, bluu, waridi, njano na kadhalika, ukawekewa tarehe ya marekebisho juu, kisha mtu akaenda kuuchomeka mahali pa ule wa zamani. Ndiyo maana nakala iliyofanya kazi kweli inakuwa ya mchanganyiko: nyeupe, bluu, bluu, nyeupe, waridi. Ukikuta na mistari ya penseli chini ya maneno ya mhusika mmoja tu, ujue mwenye nakala alikuwa nani au alihusika na nini. Fundi taa, kwa mfano, angeandika mambo ya taa.

La pili ni uchapaji. Mliosoma shule zetu zamani mnakumbuka mitihani ya saiklostaili: mwalimu anachapa kwenye stensili, wino unapenya kwenye matundu ya herufi na kuzama kwenye karatasi. Studio za wakati ule zilidurufu skripti kwa mashine za namna hiyo. Herufi zake hazing'ai hata kidogo, kingo zinakuwa na manyoya kidogo, na matumbo ya "e" na "o" mara nyingine yameziba. Fotokopi ni tofauti. Tona, yaani ule unga wa wino wa fotokopi, haizami, inakaa juu. Ukiinamisha ukurasa karibu na dirisha unaona herufi zinameremeta, na ukishika kioo cha kukuzia unaona vumbi vumbi jeusi limetapakaa pembeni.

Halafu jina na namba. George Clayton Johnson ndiye mwandishi, na hatua za mwanzo skripti hii iliitwa "The Unreal McCoy". James Blish alipoigeuza kuwa hadithi fupi kwenye kitabu chake cha 1967 alitumia jina hilohilo. Namba ya uzalishaji ni 6149-06, kwa sababu ilitengenezwa baada ya nyingine kadhaa, ila NBC wakaamua kuitanguliza hewani. Nimewahi kuona "nakala ya studio" ya sehemu hii imeandikwa namba moja jaladani, kwa vile aliyeitengeneza alihesabu kwa mpangilio wa kurushwa.

Mzee Mwinyi

Hapa ndipo ninapoupendea huu ukumbi. Mtu anaingia kuuliza bei, anatoka na somo la uchapaji. Endelea bwana.

Mwana wa Makupa

Nimetoka kwake sasa hivi. Nimekaa nayo zaidi ya nusu saa, jamaa ananiangalia kama nataka kukimbia nayo.

Kurasa zote ni nyeupe. Juu kuna tarehe, na hazilingani: kurasa nyingi zina tarehe moja, halafu hapa na pale kuna chache zenye tarehe ya mbele kidogo. Jina ni "The Man Trap". Imefungwa kwa pini za shaba zile za kukunja miguu nyuma. Na ndiyo, nimeipeleka dirishani, herufi zinang'aa.

Hizo tarehe tofauti si ndiyo dalili nzuri? Ina maana marekebisho yaliingizwa.

Karatasi Kuukuu

Marekebisho yaliingizwa, lakini kwenye nakala nyingine.

Fikiria: kurasa zenye tarehe ya mbele zilipaswa kuwa za rangi. Kwako ni nyeupe, na zote ni za tona. Maana yake kuna mtu alichukua skripti halisi yenye kurasa za rangi, akaiweka kwenye mashine ya fotokopi, ikatoka nyeupe tupu. Tarehe zimehama, rangi haikuhama. Una kopi ya skripti halali, na iliyokuwa studio ilibaki huko ilikobaki.

Na hapa lazima niwataje Lincoln Enterprises, maana bila wao huwezi kuelewa kwa nini skripti za Star Trek zimezagaa. Roddenberry mwenyewe alianzisha kampuni ya kuuza vitu kwa posta kwa mashabiki. Majel Barrett, aliyeigiza nesi Chapel na kuja kuwa mkewe, ndiye aliyekuja kuiendesha miaka mingi. Waliuza vipande vya filamu, picha, na nakala za skripti. Shabiki wa Ohio anatuma hela kwa barua, anapokea "The Man Trap" nzima mlangoni. Mauzo halali kabisa, tena ya mwenye kazi.

Sasa shabiki huyo akienda kongamanoni anabeba nini kusainiwa? Anabeba hiyo. Kwa hiyo nakala ya posta yenye saini halali ni kitu cha kawaida, na kina thamani yake ya heshima. Ila hakikuwahi kuwa kwenye studio, na bei yake haifiki gari. Labda matairi.

Ngosha wa Kirumba

Hahaha matairi! Mjomba fundi taa kumbe alikuwa mteja wa posta.

Binti Shangani

Usimcheke marehemu. Pengine yeye hakusema uongo wowote. Hadithi huwa wanaziongeza warithi, hasa wakishaona mteja amekuja mara ya pili.

Karatasi Kuukuu

Binti Shangani kasema kitu. Kwenye kazi hii uongo mwingi hauna mwongo. Mjomba alisema "nilipata kwa watu wa studio", mpwa akasikia "studio", jirani akaongeza mwaka.

Kasri la Lamu

Mimi swali langu ni hili: kwa nini mtu mzima alipe fedha zote hizo kwa mabaki ya kipindi cha runinga kilichofutwa baada ya misimu mitatu? Sehemu 79 tu, na NBC wakaona haina watazamaji wa kutosha.

Karatasi Kuukuu

Kwa sababu wakati inafutwa, 1969, hakuna aliyejua itakuwa nini, vitu vikatupwa. Ule mfano mkubwa wa Enterprise, wa urefu wa mita 3.4, ulinusurika kwa kuwa ulitolewa kwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 1974. Mfano mdogo wa kwanza ulipotea miaka ya 1970, ukaibuka mnadani mtandaoni 2023, na 2024 ukarudishwa kwa mtoto wa Roddenberry. Christie's walipofanya mnada wao wa Star Trek New York mwaka 2006, siku tatu tu, waliuza vya zaidi ya dola milioni 7. Penye pesa namna hiyo, waghushi hawakosi.

Mwana wa Makupa

Turudi kwangu jamani. Kama karatasi ni ya posta, basi saini je? Nimewaletea nilichoona kwa kioo. Zote nane ni makapeni nyeusi, unene mmoja. Zimepangwa vizuri safu mbili, nne na nne, hakuna iliyomgusa mwenzake. Kona ya chini kulia jalada lina mkunjo wa zamani, na saini ya Doohan inapita juu yake.

Karatasi Kuukuu

Hapo kwenye mkunjo rudi uangalie kwa makini. Jalada likikunjwa, nyuzi za karatasi zinavunjika na kubaki wazi. Wino wa maka ukipita juu ya mkunjo uliokwisha kuwepo, unanyonywa na zile nyuzi, na mstari unatanuka palepale na kuchirizika kufuata ufa. Kama saini ilitangulia na mkunjo ukafuata, mstari hautanuki. Unapasuka, unaona weupe katikati ya wino. Niambie ni ipi.

Kuhusu mpangilio: saini zilizokusanywa kwa miaka hazikai hivyo. Mwaka huu umempata Takei, akasaini kwa kalamu yake ya bluu, katikati, kwa sababu jalada lilikuwa tupu na yeye ni mtu mchangamfu. Mwaka kesho Kelley, kalembo kake kadogo pembeni. Miaka mitatu baadaye Nimoy, kwa kalamu ya mratibu wa foleni. Mwishoni kuna mmoja anayebanwa ukingoni kwa kukosa nafasi. Jalada lenye safu mbili nadhifu za wino mmoja linataka watu wote nane wawe meza moja, siku moja. Na lazima siku hiyo iwe kabla ya tarehe 24 Oktoba 1991, alipofariki Roddenberry. Haiwezekani? Inawezekana. Lakini basi muuzaji atuambie ilikuwa wapi.

Kingine, angalia mwanzo na mwisho wa mistari. Mtu anayesaini jina lake kwa mara ya elfu kumi mkono unakimbia: kalamu inagusa karatasi ikiwa tayari inatembea, na inaondoka hivyohivyo, ncha zinakuwa nyembamba. Mghushi anachora. Anaweka kalamu, anaanza, anasita kwenye kona, wino unatuama na kuacha donge. Kwa maka donge hilo unaliona hata bila kioo.

Mzee Mwinyi

Nilisoma kwamba huyo Doohan hakuwa na kidole. Hiyo haiathiri saini?

Karatasi Kuukuu

Mzee wangu shikamoo. Ni kweli, alikuwa askari wa Kanada, akapigwa risasi Juno Beach, ufukwe wa Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, akapoteza kidole cha kati cha mkono wa kulia. Kwenye runinga walikificha kwa ustadi. Ila saini zake zote tunazolinganisha ni za baada ya vita, kwa hiyo hazitofautiani kwa sababu hiyo. Kinachobadilika ni umri: saini ya mtu ya 1968 na ya 2000 si ndugu wa karibu. Kwa hiyo unalinganisha na za kipindi kilekile.

Kasri la Lamu

Na cheti chenye muhuri wa dhahabu? Hicho si ushahidi?

Karatasi Kuukuu

Muhuri wa dhahabu unauzwa duka la vifaa vya ofisi, bunda zima. FBI walipovunja mtandao wa waghushi wa saini za wanamichezo mwishoni mwa miaka ya 1990, operesheni waliyoiita Bullpen, walikuta vyeti navyo ni sehemu ya bidhaa. California tangu 2017 ina sheria inayombana mfanyabiashara wa vitu vyenye saini atoe cheti chenye maelezo ya kueleweka, lakini inamhusu mfanyabiashara, si mpwa anayeuza vitu vya mjomba, tena Minnesota. Cheti kinachosikilizwa sokoni ni cha makampuni yanayojulikana kwa kazi hiyo: PSA, JSA, Beckett. Nao ni binadamu, wanatoa maoni ya kitaalamu, lakini angalau mnunuzi wa kesho atayakubali.

Mwambie muuzaji hivi, kwa upole: "Tuipeleke mojawapo ya hizo. Ikipita, gharama juu yangu na tunaongea bei. Isipopita, gharama juu yako." Kisha mtazame usoni.

Na nikuongezee langu la moyoni, si la kazi. Mimi saini nane za waigizaji jaladani hazinisisimui. Ningepewa nichague, ningechukua skripti yenye saini moja ya mwandishi. Mfano mzuri ni "The City on the Edge of Forever" ya Harlan Ellison, iliyorushwa Aprili 1967. Kuna skripti yake aliyoiandika yeye, na kuna iliyopigwa picha baada ya wengine kuifumua na kuishona upya. Ile yake ilishinda tuzo ya chama cha waandishi, na iliyorushwa ikashinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi za kubuni, 1968, naye alikaa na kinyongo miaka na miaka. Saini ya Ellison juu ya toleo lake mwenyewe, hiyo ningeifungia kabatini. Kwenye "The Man Trap" ningetafuta ya Johnson, aliyefariki Desemba 2015. Watu wengi hawaijui hata kuitazama, ndiyo maana waghushi hawahangaiki nayo.

Mwana wa Makupa

Haya wakuu, mrejesho.

Mkunjo: wino umetanuka na kufuata ufa, kama ulivyosema. Doohan alisaini, au alisainiwa, jalada likiwa limekwisha kunjika. Donge: lipo kwenye Shatner, mwanzo wa herufi ya kwanza na tena katikati, na kwa Roddenberry lipo mara tatu. Kwa Nichols sikuona hata moja, mstari wake unateleza tu.

Nikamweleza jamaa habari ya kuipeleka kwa wataalamu. Akakunja uso, akaniambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Nikamtakia heri. Jumapili kanipigia yeye. Mteja hakuja. Tumemalizana kwa bei ya nakala ya posta, na saini tumeziandika kwenye risiti kuwa hazijathibitishwa.

Ngosha wa Kirumba

Kwa hiyo umenunua feki kwa furaha?

Mwana wa Makupa

Nimenunua maneno ya sehemu nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa bei ya kuagiza pizza za wikiendi chache. Usiku wa jana nimesoma mpaka mke kazima taa. Saini ya Nichols nitaipeleka peke yake ikaangaliwe, nikipata nafasi.

Karatasi Kuukuu

Umefanya biashara nzuri. Jalada moja lenye saini za kweli na za kuchora pamoja si ajabu: mtu anapata moja ya halali, wa baada yake anaona nafasi tupu zinamwasha. Isije saini moja ikapitishwa halafu mtu akatangaza jalada zima: hakikisha cheti kinataja jina la Nichols tu.

Binti Shangani

Kaka Makupa, nikuulize kabla hujaitundika. Hapa Unguja tukipata kitu cha thamani, cheti cha ndoa, cha shule, tunakimbilia laminesheni. Naona utafanya hivyo.

Karatasi Kuukuu

La hasha, dada yangu, asifanye! Joto la ile mashine linayeyusha tona, na plastiki ikishashika karatasi haitoki tena bila kuichana. Wino wa maka nao unaweza kutambaa. Makupa, nunua bahasha za plastiki ya poliyesta za kuhifadhia nyaraka, usitumie zile laini za dukani zinazonuka. Pini za shaba ziache zilivyo, ila weka kipande cha karatasi isiyo na asidi chini ya vichwa vyake visije kuacha doa la kijani. Ilaze, usiisimamishe. Na usiitundike ukutani mkabala na dirisha: mwanga wa jua unaila maka nyeusi mpaka inabaki rangi ya chai. Ukitaka ya ukutani, toa kopi ya jalada, tundika kopi.